Ngazi ya samaki ipo, kwa nini tena wabomoe bwawa?

kambale_mweusi

Wakuu heshima kwenu. Kuna kitu kinanisumbua wiki ya pili sasa. Nilikuwa nasoma habari za mto Klamath kule Marekani, unaotoka Oregon unaingia California, wamebomoa mabwawa manne, kazi imeisha 2024, na Oktoba hiyohiyo samoni (samaki anayezaliwa mtoni, anakulia baharini, afu anarudi mtoni kutaga) wakaonekana juu ya pale mabwawa yalipokuwepo, sehemu ambayo hawajakanyaga kwa zaidi ya miaka 100 (najua samaki hawakanyagi, mmenielewa). Nikafurahi kweli ila nikabaki na maswali.

La kwanza, si kuna ile ngazi ya samaki? Vile vidimbwi vya zege pembeni ya ukuta, kimoja juu ya kingine, samaki anaruka mpaka anafika juu. Kwa nini ubomoe ukuta mzima wakati unaweza kujenga ngazi na umeme ukaendelea kupata?

La pili, kama samaki walishakatwa huko juu miaka 60 au 100, siku ukifungua njia nani anawapa taarifa? Wanajuaje?

La tatu, kuna jamaa yangu yeye anasema tunapoteza muda, ukitaka samaki warudi unatotolesha vifaranga unamwaga mtoni kila mwaka, biashara imekwisha. Mi sio mtaalamu, naomba nieleweshwe polepole, na wanaokuja kutukana mabwawa au kutukana mazingira wapite tu.

maji_marefu

Nimeshavuta kiti, ngoja waje wenye fani yao.

mama_kijito

Karibu kambale. Mi niliwahi kufanya kazi msimu mzima kwenye chumba cha kuhesabia samaki, ni kachumba kako chini kando ya ngazi, kuna kioo, samaki anapita mbele yako unabonyeza kitufe cha aina yake. Kwa hiyo ngazi nazifahamu na sizichukii. Bwawa la Bonneville kwenye mto Columbia lilijengwa na ngazi tangu 1938 na samoni wanapanda mpaka leo. Lakini sikiliza shida zake.

Samaki anayepanda mto anafuata mkondo. Sasa jiweke kwenye nafasi yake, umefika chini ya ukuta, maji mengi kuliko yote yanatoka kwenye mitambo ya umeme, na mlango wa ngazi uko kule pembeni unatoa kamkondo kama ka bomba la bustani. Utaenda wapi? Unakwenda kwenye maji mengi, unagonga kichwa pale siku tatu, wiki, mafuta uliyohifadhi mwilini yanaisha, na samoni akishaingia mtoni akipanda kwenda kutaga hali chakula tena, anaishi kwa akiba. Wengine wanaipata ngazi wakiwa wamechoka, wengine hawaipati kabisa. Ndo maana wahandisi wa ngazi nzuri wanahangaika zaidi na mlango wa chini kuliko ngazi yenyewe, uko wapi, unatoa maji kiasi gani, yanasikika au yanamezwa na kelele za mitambo.

Afu ngazi nyingi za zamani zilichorwa kwa ajili ya samoni, ambaye anaruka. Wengine wote hawaruki. Shedi, samaki wa jamii ya heringi, ni mwoga, anatembea kwa makundi, ukimpa kona kali anageuza kundi zima linarudi chini. Stajeni ni mkubwa, anatambaa chini karibu na sakafu, vile vidimbwi ni kama umemwambia ng'ombe apande ngazi ya mbao. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akiwa mdogo anatoka baharini na hawezi kushindana na maji ya nguvu, yeye ukimwekea ubao wenye nywele ngumu kama za brashi na maji yanachuruzika kidogo anapanda mwenyewe akijinyonganyonga usiku.

Na lamprei ndo alinifundisha mi kazi hii. Lamprei hana taya, ana mdomo wa duara wa kunyonya, anapanda kwa kujibandika. Anaruka kidogo, anajibandika, anapumzika, anaruka tena. Pale kwetu alikuwa anafika kwenye kona ya zege, ile kona ya nyuzi 90, akitaka kuuvusha mdomo upande wa pili hewa inaingia, anabanduka, anasombwa. Niliwaona usiku mmoja wako wengi wamening'inia ukutani kama soksi zilizoanikwa, kila mmoja anabanduka kwenye kona ileile. Baadaye mafundi wakaja na mashine ya kusaga wakailainisha kona ikawa ya mviringo. Basi. Wakaanza kupita. Miaka yote ile tatizo lilikuwa kona.

fundi_turbini

Mama kijito umenena vizuri ila umeacha nusu ya safari, na nusu hiyo ndo yangu maana mi niko upande wa mitambo. Watu wakisema njia ya samaki wote wanawaza kupanda tu. Sa waliopanda wakataga, watoto wao wanashukia wapi?

Kifaranga wa samoni anayeenda baharini ana urefu wa kidole. Anafika kwenye ukuta kutoka juu, na kuna njia tatu: apite kwenye turbini, apite kwenye milango ya kumwaga maji, au apite kwenye njia maalum kama ipo. Turbini sio kwamba inasaga kila kitu kama blenda, watu wanatia chumvi hapo, wengi wanapita wazima. Kinachoua zaidi ya watu wanavyodhani ni presha. Anashuka na maji kutoka kina kirefu ambapo kabanwa, afu ghafla nyuma ya mapanga presha inadondoka, kibofu chake cha hewa kinavimba kwa sekunde moja, mishipa inapasuka. Kwa nje unamuona mzima kabisa, ukimpasua ndani damu tupu. Mkunga yeye mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu anaposhuka kwenda kutaga baharini ni mkubwa na mrefu, na mwili mrefu ukipita kwenye mapanga yanayozunguka hesabu yake unaijua.

Ukisema basi amwage maji pembeni apite huko, sawa, inasaidia sana, ila nako kuna mtego. Maji yakianguka kutoka juu yanazama na hewa mpaka chini kwenye shimo, hewa inayeyuka humo kupita kiasi, samaki anapata vipovu vya gesi kwenye mapezi na macho, kama mzamiaji aliyetoka kilindini haraka. Ndo maana kwenye mabwawa mengine wamejenga mdomo wa zege unaorusha maji yaende mbele badala ya kuzama. Kule mto Columbia na tawi lake mto Snake wamefika mahali wanawakusanya vifaranga na kuwapakia kwenye malori na majahazi, wanawasafirisha kupita mabwawa wanawamwaga chini. Samaki anashushwa mtoni kwa lori. Mi nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni utani.

Na nyie mnaopenda hesabu chukueni hii. Samoni wa Snake wa kule juu anapita mabwawa manane kwenda baharini na manane kurudi. Chukulia kila bwawa liko vizuri, katika vifaranga 100 wanapita wazima 90. Bwawa moja 90 kwa 100 ni maksi nzuri, mkurugenzi anapiga nayo picha. Zidisha mara nane, unabaki na 43. Na hapo hujagusa baharini, wala safari ya kurudi.

kambale_mweusi

Daah. Asanteni sana, hiyo ya lamprei nimeisoma mara mbili. Ila fundi mbona mi nilidhani kushuka ndo rahisi? Si anaachia tu maji yambebe?

mama_kijito

Maji yapi sasa? Hapo kuna bwawa. Huu ndo ugomvi wangu na ngazi hata ikiwa nzuri kiasi gani. Ukuta ni kizuizi kimoja, lile ziwa lililotuama nyuma yake ni kizuizi cha pili na hakina ngazi.

Kifaranga amezoea kusukumwa. Akiingia kwenye maji yaliyosimama kilomita kadhaa inabidi aogelee mwenyewe, anachelewa, maji ya juu yana joto, na samaki wanaokula wenzao wamejaa humo maana wao wanapenda maji yaliyotulia. Huyo angalau anajua kuogelea.

Sa nenda Amerika Kusini, mto Paraná na mingine ya kule. Samaki wao wengi wanaohama hawajengi kiota kama samoni, wanapanda juu sana wanataga kwenye mkondo, na mayai yanaelea na maji siku nzima, yanaanguliwa yakiwa safarini, vichanga wanabebwa mpaka kwenye mabonde ya mafuriko huko chini ambako ndo kuna chakula. Mpango wote unategemea maji yanayotembea. Weka bwawa katikati. Mayai yanafika kwenye maji yaliyotuama, yanazama kwenye tope, yanaliwa, yamekwisha. Na wazazi waliopanda ngazi mara nyingi hawarudi chini, wanabaki huko. Kwa hiyo ngazi inafanya kazi safi kabisa, samaki wanapanda kwa maelfu, kila mtu anapiga makofi, na unachofanya ni kuwatoa wazazi mahali ambako watoto wao wangeishi unawapeleka mahali ambako watoto watakufa. Watafiti wa Brazil waliziita mtego hizo ngazi, na walisema kweli. Bwawa la Itaipu kwenye Paraná lina mfereji wa samaki wa kama kilomita 10, umefunguliwa 2002, ni kazi ya uhandisi ya kupendeza kuitazama, lakini swali linabaki lilelile hata hapo, waliopanda wanazaa wapi na watoto wanashukaje.

Kwa hiyo kambale kabla hujauliza ngazi iwe ya aina gani, uliza juu ya bwawa kuna nini. Kama juu kuna mto mrefu unaotembea na mahali pa kutagia, pambana. Kama juu kuna bwawa lingine limegusana na hili na lingine tena, unawapeleka samaki kutalii.

ukweli_mchungu

Mnazunguka sana wakati jamaa wa mleta mada kashatoa jibu. Totolesha vifaranga, mwaga. Watu wanahitaji umeme, mabwawa hayatabomolewa yote, tuwe wakweli.

mama_kijito

Nilikuwa nakusubiri. Kutotolesha kuna mahali pake, sijakataa. Ila tazama mto Yangtze. Bwawa la Gezhouba likaukata mto 1981 bila njia ya samaki, stajeni wa China wakashindwa kufika walikotaga miaka yote, wakaanza kutaga hapohapo chini ya ukuta kwenye eneo dogo. Wachina wakaanza kutotolesha na kumwaga, mamilioni ya vifaranga kwa miaka na miaka. Samaki yule hadi leo yuko kwenye orodha ya walio ukingoni kabisa kutoweka, na kuna miaka hawajaonekana wakizaa mtoni hata kidogo. Maana bwawa kubwa la Three Gorges lililofuata juu yake linashikilia joto la maji, vuli maji yanachelewa kupoa, na stajeni anasubiri maji yapoe ndo atage. Unamwaga watoto kwenye mto ambao hauwaruhusu kuwa wazazi. Na stajeni anachukua zaidi ya miaka 10 kukomaa, kwa hiyo kosa la leo utaliona ukiwa umeshastaafu. Ndugu yake mwenye pua ndefu kama kasia yeye alitangazwa kutoweka kabisa 2022.

Tena wa kutotoleshwa analelewa kwenye beseni, analishwa kwa saa, hajawahi kumkimbia adui. Vizazi vichache tu anakuwa mtaalamu wa kuishi kwenye beseni. Akitoka akazaana na wa porini anawapunguzia ukali wao. Mi namfananisha na dripu. Mgonjwa akizidiwa mwekee, ila usiseme sasa amepona kwa sababu dripu inaendelea kuingia.

ukweli_mchungu

Hiyo ya joto sikuijua. Na umeme?

fundi_turbini

Umeme tuuongee, ndo ugali wangu. Watu wanadhani lazima uchague, samaki au taa. Kwenye mto Penobscot huko jimbo la Maine, Marekani, walikaa mezani, wenye mabwawa, kabila la Wapenobscot, serikali, watu wa mazingira, wakauangalia mto mzima badala ya kugombania ukuta mmoja mmoja. Wakabomoa mawili ya chini, Great Works 2012 na Veazie 2013, la tatu wakalichimbia mchepuko unaofanana na kijito cha kawaida, na kwenye mabwawa mengine yaliyobaki wakaongeza uzalishaji. Umeme kwa jumla haukupungua. Samaki wa jamii ya heringi waliokuwa elfu chache kwa mwaka wakafika mamilioni. Samoni wenyewe bado wachache, nisikudanganye, wao wana matatizo mengine huko baharini.

Uzuri wa kuanzia chini ni huo. Bwawa la kwanza kutoka baharini ndo geti la mto mzima. Ukifungua la juu ukaacha la chini limefungwa umepaka rangi chumba ambacho hakina mlango.

Na sio kila ukuta una umeme jamani. Ulaya watafiti walipopita kuhesabu vizuizi kwenye mito yao wakapata makadirio ya zaidi ya milioni 1.2, na vingi havifiki hata mita 2 kwenda juu. Mitambo ya kusaga nafaka iliyokufa zamani, vizuizi vya mashamba ambayo hayapo, makalvati yaliyowekwa juu sana. Havina kazi, mwenyewe hajulikani, na mkunga mdogo hapiti. Huko huhitaji kuzima taa ya mtu, unahitaji kijiko cha kuchimbia na kibali. Hata penye mtambo kuna mambo madogo ya kufanya. Mkunga anashuka kwa wingi usiku wa giza wa vuli mvua ikinyesha na mto ukijaa, ukizima mashine usiku huo unaokoa wengi kwa hasara ndogo. Mi nimewahi kuzima. Bosi alinuna, asubuhi akasahau.

kambale_mweusi

Sawa nimeelewa ngazi, nimeelewa vifaranga. Mmenisahau swali la pili, wanajuaje njia imefunguka?

mama_kijito

Samahani mwanangu. Samoni anarudi kwa harufu. Akiwa mdogo kabla hajaenda baharini ananusa mto wake, udongo wake, mimea yake, anaikariri, na baada ya miaka anaitafuta harufu hiyohiyo. Lakini wachache kila mwaka wanapotea, wanaingia mto usio wao au wanapitiliza. Sisi tunaona ni kosa, kumbe hao wapotevu ndo wanaofungua mito mipya. Wakifika mahali pa zamani pamefungwa wanageuka, wakikuta pako wazi wanasonga. Hakuna tangazo.

Mto Elwha, jimbo la Washington huko Marekani, walianza kubomoa mabwawa mawili Septemba 2011, moja lilikuwa na mita 33 na la juu mita 64, wakamaliza 2014. Mwaka mmoja tu baada ya kuanza, 2012, samoni wakubwa walishapita pale bwawa la chini lilipokuwa wakaenda kutaga, la juu likiwa bado linavunjwa. Na kuna hili ambalo mi kila nikilieleza nasisimka. Kuna samaki anaitwa trauti, mmoja huyohuyo anaweza kukaa mtoni maisha yake yote au akaamua kwenda baharini na kurudi mkubwa. Waliofungiwa juu ya Elwha karibu miaka 100 waligeuka wa mtoni tu. Ukuta ulipoondoka watoto wao wakaanza kwenda baharini tena. Safari walikuwa nayo mwilini muda wote ule.

Ila sio kwamba ni kubomoa ukakaa kusubiri. Nyuma ya kuta zile kulikuwa na tope na mchanga zaidi ya mita za ujazo milioni 20, mto uligeuka uji miaka kadhaa, kwa hiyo walibomoa kidogokidogo, wanasimama samaki wanapopanda, wanaendelea. Baadhi ya samoni waliwabeba wakawapeleka kwenye vijito safi, na vifaranga walitumia pia, ukweli_mchungu hapo nakupa maksi zako. Na uvuvi ukafungwa. Kabila la Lower Elwha Klallam, wenye mto, waliopigania jambo hili miongo na miongo, wao wenyewe waliweka ndoano chini, na 2023 ndo wakavua tena kidogo. Miaka 12 kando ya mto wako unawaangalia samaki wanapita.

maji_marefu

Uzi bora mwezi huu. Swali la mtu mvivu: nikisoma ripoti ya bwawa imeandikwa samaki elfu kadhaa wamepita kwenye ngazi, nishangilie au nisishangilie?

fundi_turbini

Mama kijito asinune, ila uliza kwanza ni samaki elfu kadhaa au ni mipito elfu kadhaa. Samaki akifika juu akiwa karibu na milango ya kumwaga maji anaweza kusombwa akarudi chini, anaanza ngazi upya, anahesabiwa upya.

mama_kijito

Sinuni, ni kweli tupu. Msimu wangu kuna mmoja alikuwa na chipu mwilini, mashine ikamsoma amepita mara tatu. Mi kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeshaandika watatu.